Pampu Iliyosubiri Wi-Fi: Uchambuzi wa Mfumo wa Kielektroniki wa Akwaponiki ya Uani

Umeme ulikatika saa 7 usiku, ukarudi saa 10 alfajiri. Taa zikawaka, friji likaanza kunguruma, lakini pampu ya samaki ikabaki kimya. Saa 12 na nusu asubuhi sato walikuwa wamejazana juu ya maji wakitweta, na wengine walikuwa wameshageuka tumbo. Pampu ilipopimwa ilikuwa nzima, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) nzima, kibodi cha ESP32 (yaani bodi ndogo ya kompyuta inayoongoza mfumo, si kibodi cha kuchapia) kizima, na kila kihisi kilitoa namba sahihi. Hakuna kilichoungua.

Hitilafu ya namna hii imewapata wajenzi wengi wanaojitengenezea mifumo yao ya akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka, na vipimo vya mfumo tunaoutumia hapa ni vya kawaida kwa uani wa nyumba ya pwani. Tunaichambua kwa hesabu, kisha tunaonyesha namna ya kuujenga upya ili samaki wasitegemee programu kupata hewa.

Mfumo wenyewe

Tenki la samaki ni IBC (tangi la plastiki lenye fremu ya chuma) la lita 1,000 lililokatwa juu. Maji yakiwa yamejaa ni lita 850, yaani kina cha takriban sm 77. IBC la pili limekatwa vipande viwili vya kimo cha sm 32, vikawa vitanda viwili vya mimea vilivyoinuliwa juu ya matofali na kuunganishwa chini kwa bomba la mm 50, ili vijae na kushuka pamoja. Jumla ya eneo la vitanda ni mita 2.2 za mraba, kokoto zimejazwa sm 30, na sifoni moja ya kengele (bomba la wima lililofunikwa kwa kengele, linalovuta maji yote vitanda vikijaa kisha hukatika) inavimwaga vyote. Kokoto hizo zina uzito wa zaidi ya tani moja, kwa hiyo matofali yasiwekwe juu ya mchanga mtupu.

Samaki ni sato 30 wa wastani wa gramu 250, jumla kilo 7.5. Chakula ni gramu 110 kwa siku. Namba hii haikuchaguliwa kwa kukisia: kwa mboga za majani, mita moja ya mraba ya kitanda huhimili gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku, na mita 2.2 zinatufikisha kwenye 110. Anayezidisha hapo anaongeza amonia (sumu itokanayo na taka za samaki) kuliko bakteria na mimea wanavyoweza kuitumia, na hakuna kihisi kitakachomwokoa.

Pampu ya 12V inatoa lita 15 kwa dakika ikishapandisha maji mita moja na nusu. Tunasema inatoa, si ile namba ya kwenye boksi. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa inaweza kukupa nusu yake maji yakishapanda kimo hicho na kupita kwenye elbo tatu. Pima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu.

Kilichotokea kati ya saa 7 na saa 12

Sato aliyekula jioni hutumia takriban miligramu 300 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kilo 7.5 ni miligramu 2,250 kwa saa. Maji ya nyuzi 28 hayabebi zaidi ya miligramu 7.8 kwa lita hata yakijaa kabisa, na tenki la kawaida usiku liko kwenye 6. Kushuka kutoka 6 hadi 2 ni miligramu 4 kwa kila lita, mara lita 850, sawa na 3,400. Gawanya kwa 2,250: saa moja na nusu. Kwa makadirio haya, kufikia saa 8 na nusu usiku samaki walikuwa wameshaanza kupanda juu. Sato ni mvumilivu kuliko samaki wengi wa kufugwa, hunywa maji ya juu kabisa yanayogusana na hewa na kujisogeza saa kadhaa. Kama umeme ungerudi saa 10 na pampu ikawaka, wengi wangepona. Kilichowaua ni zile saa mbili na nusu za baadaye.

Mchango wa programu ulikuwa huu. Rilei ya pampu iliungwa kwenye mguu wa NO, yaani ule ulio wazi rilei ikiwa imelala. Kwa hiyo pampu ilihitaji ESP32 iwe hai na iamue kuiwasha. Pampu ya hewa nayo ilikuwa nyuma ya rilei hiyohiyo. Ndani ya programu, sehemu ya kuanzia ilikuwa na mstari unaopatikana katika mifano mingi ya mtandaoni: `while (WiFi.status() != WL_CONNECTED)`, yaani kaa hapo mpaka mtandao upatikane. ESP32 huwaka ndani ya sekunde moja hivi. Router ya nyumbani huchukua dakika mbili tatu. Amri ya kujiunga ilitolewa mara moja, ikashindwa kwa sababu router ilikuwa bado haijawaka, na haikurudiwa. Kibodi kikabaki kinazunguka kwenye mstari huo hadi asubuhi, na mistari ya kuwasha pampu iko chini yake.

Tiba ya haraka ambayo wengi huikimbilia ni kurekebisha mstari ule. Urekebishwe, ndiyo. Lakini kesho kutakuwa na mstari mwingine, au saplai iliyolegea, au mjusi aliyelala juu ya pini mbili. Swali la kuanza nalo ni hili: kibodi kikifa kabisa, kikang'olewa na kutupwa, maji na hewa vinafanya nini?

Kujenga upya kuanzia kwenye waya

Vifaa vyote vinavyogusa maji ni vya 12V. Saplai ni ya 12V 10A, ile inayouzwa kwa kamera za CCTV na taa za LED, ikiwa imefungwa mbali na maji, na upande wake wa 230V unapita kwenye RCD (swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja) ya 30mA. Pampu ya 230V inayozama ni rahisi kupatikana, lakini kebo yake ikichubuka hutia umeme ndani ya tenki unaloingiza mkono kila siku.

Kila tawi lina fyuzi yake: pampu ya maji 5A, kila pampu ya hewa 2A, kibodi 2A, na fyuzi ya 10A karibu kabisa na betri, isizidi sm 15 kutoka kwenye mguu wa chanya.

Rilei ya kwanza haina programu yoyote. Ni rilei ya koili ya 12V, na koili inalishwa na saplai yenyewe. Pampu za hewa zimeungwa COM (mguu wa pamoja), saplai imeungwa NO, betri imeungwa NC, yaani mguu uliofungwa rilei ikiwa imelala. Saplai ikiwa hai, rilei inavuta na hewa inatoka kwenye umeme wa nyumba. Saplai ikifa, rilei inaachia na hewa inahamia kwenye betri kabla povu halijaisha. Tumechagua koili ya 12V badala ya ya 230V kwa makusudi. Koili ya 230V huona umeme wa nyumba tu. Ya 12V huona pia saplai iliyoungua wakati umeme upo.

Betri ni ya risasi iliyofungwa, 12V 18Ah. Pampu mbili za hewa za wati 5 kila moja hutumia 0.8A kwa pamoja, kibodi na moduli ya GSM (ya kutuma meseji) 0.1A. Betri ya aina hii isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo tuna 9Ah za kutumia, ambazo ni saa 10. Paneli ya jua ya wati 20 yenye kontrola yake ya chaji inaitunza. Kibodi na GSM vinakula kama 2.4Ah kwa siku na paneli hiyo hurudisha zaidi ya hapo hata siku yenye mawingu kiasi. Pampu mbili ndogo za hewa ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kiwambo cha mpira kikipasuka motor huendelea kuzunguka na kunywa umeme uleule. Hakuna kipimo cha umeme kitakachokuambia kwamba mapovu yamekoma. Ukiwa na mbili, moja hubaki.

Pampu ya maji haiko kwenye betri. Inakula karibu 3A, ingeimaliza betri kwa saa tatu. Umeme ukikatika maji yanaweza kupumzika. Kokoto zenye unyevu hubeba bakteria wao saa nyingi bila shida. Kinachowaua ni maji yaliyotuama ndani ya kitanda kilichojaa nusu, yakaishiwa oksijeni. Kwa hiyo tundu la mm 5 limetobolewa chini kabisa ya bomba la wima la sifoni. Linavujisha kama lita moja na nusu kwa dakika, haliharibu mwendo wa sifoni, na umeme ukikatika kitanda hujimwaga chenyewe taratibu.

Rilei ya pampu ya maji sasa imeungwa NC. Rilei ikilala pampu inafanya kazi. Kibodi kinaamrisha kuzima tu. Ukichomoa ESP32, pampu haijui. Hapa pana jambo dogo linalosumbua. Moduli za rilei za 5V huvuta zinapopewa 0V, na pini ya ESP32 ikitoa 3.3V, tofauti inayobaki hadi 5V wakati mwingine hutosha kuishika rilei isiachie. Ondoa kijampa cha JD-VCC, peleka 5V kwenye JD-VCC na 3.3V kwenye VCC. Tumia pini ya GPIO26. Usitumie GPIO 0, 2, 12 wala 15, ambazo ESP32 huzisoma wakati wa kuwaka, wala 6 hadi 11, ambazo ni za kumbukumbu yake ya ndani.

Bado kuna hatari ya bomba kupasuka na tenki lote kumwagwa uwanjani. Kinga ya kwanza ni ya plastiki: mdomo wa kuvuta wa pampu uko sm 40 juu ya sakafu ya tenki. Hata kila kitu kikiharibika, lita 440 zinabaki na samaki. Kinga ya pili ni swichi ya boya kwenye kimo cha sm 48. Maji yakishuka hapo, boya linafunga mzunguko wa koili ya rilei nyingine ya 12V, na mguu wake wa NC, ambao pampu inapitia, unafunguka. Watu wengi huiunga swichi ya boya moja kwa moja kwenye waya wa pampu. Zile ndogo za plastiki zimeandikwa wati 10 tu. Ukizipitisha 3A migusano yake hushikana kwa joto na haiachii tena, na hutajua mpaka siku unayoihitaji. Koili hunywa takriban 30mA, mzigo ambao boya linaumudu miaka.

Mpaka hapa hakuna hata mstari mmoja wa programu, na samaki wako salama dhidi ya umeme kukatika, saplai kufa, bomba kupasuka na kibodi kuganda. Anayeishia hapa ana mfumo bora kuliko ule wa mwanzo wenye grafu kwenye simu.

Kihisi kimoja kinachosema mengi

Kibodi kina kazi moja: kuangalia na kupiga kelele. Na kwa mfumo wenye sifoni, kihisi chenye thamani kuliko vyote ni cha umbali, kinachotazama uso wa maji ya tenki la samaki kutoka juu.

Maji ya tenki hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Vitanda vikijaa sm 22 za maji, na nafasi kati ya kokoto ikiwa asilimia 40, vinashika lita 195. Eneo la tenki ni mita 1.1 za mraba, kwa hiyo kila sm moja ni lita 11, na maji yanashuka sm 18. Pampu inaleta lita 15 kwa dakika, tundu linavujisha moja na nusu, vitanda vinajaa kwa dakika 14 na nusu. Sifoni inamwaga kwa dakika 9. Mzunguko mmoja ni dakika 23 na nusu. Kwa siku ni mizunguko 61.

Anayeweka tahadhari ya aina ya "maji yakishuka sm 10 nitumie meseji" atapata meseji kila baada ya nusu saa na ataizima ndani ya siku mbili. Tahadhari hapa haitokani na kimo chenyewe. Inatokana na umbo la mwendo wa maji.

Kihisi ni JSN-SR04T, chenye kichwa kisichopitisha maji. HC-SR04 ya kawaida haifai. Mvuke huingia kwenye macho yake mawili na kuiozesha. JSN haioni kitu kilicho karibu kuliko sm 25 hivi, kwa hiyo kichwa kimefungwa sm 30 juu ya maji yaliyojaa. Maji yakiwa juu husoma 30, yakiwa chini 48. Mwale wake ni mpana: kiweke mbali na ukuta wa tenki, mbali na bomba la sifoni linaloporomosha maji, na mbali na mawe ya hewa, kwa sababu mapovu na povu hurudisha mwangwi wa uongo. Usikitumbukize ndani ya bomba jembamba ukidhani unakilinda. Mwangwi utagonga kuta. Pini ya Echo hutoa 5V, ishushe kwa rezista za 1kΩ na 2kΩ. Trig iko GPIO18, Echo GPIO19.

Mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa: mita 331.3 kwa sekunde kwenye nyuzi 0, kisha ongeza 0.606 kwa kila nyuzi. Kutoka nyuzi 20 alfajiri hadi 35 mchana kosa ni zaidi ya asilimia 2.5, yaani sm 1.3 kwenye umbali wa sm 50. Kwa hiyo kuna DS18B20 (vihisi vya joto) mbili kwenye waya mmoja wa GPIO4 na rezista ya 4.7kΩ kwenda 3.3V: moja majini, nyingine kivulini kando ya kihisi cha umbali. DS18B20 ikisoma 85 hasa, kwa kawaida imepoteza umeme kwa kitambo na haijapima chochote. Ikisoma −127, programu haikipati kihisi, waya umekatika. Programu izitupe namba hizo mbili kabla hazijafika kwenye hesabu yoyote.

Kila sekunde 10 pima mara 9, chukua ya katikati, si wastani. Wastani huvutwa na usomaji mmoja wa kipuuzi. Ya katikati haivutwi. Hifadhi vipimo 240 vya mwisho, ambavyo ni dakika 40, na utafute kikubwa na kidogo ndani yake.

Tofauti ikizidi sm 12, maji yanapumua, mfumo mzima. Ikiwa chini ya sm 5 na maji yamekaa chini karibu na 48, vitanda vimejaa na sifoni haijaanza kuvuta: maji yanapita juu ya bomba la wima kidogokidogo. Sababu mara nyingi ni pampu iliyopungua nguvu, au ufa kwenye kengele unaopitisha hewa. Tofauti ikiwa ndogo na maji yamekaa juu karibu na 30, kuna mambo mawili yanayofanana kabisa kwa macho ya kihisi: ama pampu imesimama, ama sifoni imeanza kuvuta na haikatiki. Hapo ndipo kipimo cha mkondo kinapohitajika. Umbali ukizidi 53 kwa vipimo sita mfululizo, maji yanakwenda nje ya mfumo, na hiyo haisubiri dakika 40. Meseji inatoka papo hapo na rilei inaizima pampu kabla hata boya halijafikiwa.

Mkondo unapimwa na ACS712 ya 5A. Inakaa kwenye 2.5V bila mzigo na kusogea 185mV kwa kila ampea. Ukiiunga kwa mwelekeo wa kawaida, 3A hupandisha hadi 3.05V, mahali ambapo kipimo cha ndani cha ESP32 hakinyooki tena. Geuza waya mbili za kuingia na kutoka, namba itashuka hadi 1.95V, katikati ya eneo linalosomeka vizuri. Tumia GPIO34, pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kupima volti) hazisomeki Wi-Fi ikiwa hai. Pampu inayovuta hewa mkondo wake hushuka, iliyokwama propela hupanda au hukata kabisa, na pampu nzima yenye sifoni isiyokatika hubaki kwenye 3A yake.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kifaa: hesabu ya mizunguko kwa siku. Pampu iliyoanza kuziba kwa uchafu ikishuka kutoka lita 15 hadi 11 kwa dakika, vitanda hujaa kwa dakika 20 na nusu, na siku inabeba mizunguko 50 hivi badala ya 61. Samaki hawajaona kitu, mimea haijaona kitu, lakini namba imeshasema. Kusafisha kichujio siku hiyo ni kazi ya dakika tano. Ukingoja, siku moja mkondo wa maji hautatosha kuamsha sifoni. Na ukilinganisha kilele cha maji cha leo alfajiri na cha jana, nusu sm hadi sm moja ni mvuke na mimea. Sm 3 ni lita 33, na hizo zinavuja mahali.

Meseji, siyo programu ya simu

Wi-Fi imeachwa kwa ajili ya grafu tu, na inajaribiwa kila dakika 5 bila kuzuia kitu kingine. Tahadhari hupita kwenye SIM800L kwa meseji za kawaida, mradi mtandao wa simu wa eneo lako bado una 2G.

SIM800L ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na karibu kila mara sababu ni umeme. Inataka 3.4V hadi 4.4V, na inapotuma hunywa hadi 2A kwa kitambo kifupi. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya 5V au 3.3V ya ESP32 itazimika na kuwaka bila kukoma. Ipe LM2596 (kishusha volti) yake peke yake iliyorekebishwa kwa multimita hadi 4.0V kabla ya kuungwa, kapasita ya 1,000µF karibu kabisa na miguu yake, na waya nene zisizozidi sm 10. Pini yake ya RX haipendi 3.3V, pitisha kwenye rezista ya 1kΩ na uweke 10kΩ kwenda hasi, utapata 3.0V. LM2596 ya pili, ya 5.0V, inailisha ESP32.

Uwepo wa saplai na kimo cha betri husomwa kwa rezista za 47kΩ na 10kΩ kwenye GPIO35 na GPIO32. Saa ni DS3231 yenye betri yake ya kidonge, kwa sababu ESP32 isiyo na intaneti haijui saa ngapi.

Meseji ziwe za Kiswahili kinachoeleweka na mtu yeyote aliyebaki nyumbani: "UMEME UMEKATIKA 01:04. HEWA IKO KWENYE BETRI 12.7V." Au: "SIFONI HAIVUTI. KAGUA KENGELE." Kila siku saa 12 asubuhi inatoka moja ya salamu: "MZIMA. MAJI 30/48. MIZUNGUKO 61. MAJI NYUZI 27.4. BETRI 13.1V." Hii ya salamu ndiyo muhimu kuliko zote. Meseji hiyo isipofika asubuhi, kuna kitu kimekufa: kibodi, GSM, au salio limeisha. Pia hufanya laini isifungwe kwa kutotumika.

Ndani ya programu hakuna `delay()` (amri ya kusubiri) ndefu. Kila kazi huulizwa kwa `millis()`, kaunta ya milisekunde tangu kibodi kiwake, kama muda wake umefika. Kaunta hiyo hurudi sifuri baada ya siku 49.7; ukiandika `millis() - mwisho >= muda` kwa aina ya `unsigned long` hakuna kinachoharibika, lakini ukiandika `millis() >= mwisho + muda` utapata kosa linaloonekana mara moja kila wiki saba na kukutesa. Washa kipima-muda cha ulinzi cha ESP32 kwa sekunde 30, ili ikiganda ijiwashe upya.

Visivyowekwa, na kwa nini

Kihisi cha pH kinachokaa majini siku zote kimeachwa. Hufanya kazi kwa milivolti 59 tu kwa kila hatua ya pH, huchafuka kwa utando wa bakteria, na huhitaji kusawazishwa kwa vimiminika vya pH 4.01 na 6.86 kila wiki mbili hivi. Kikikaa mkavu kinaharibika. Kikihifadhiwa kwenye maji yaliyochujwa chumvi kinaharibika pia, kinataka mmumunyo wa KCl (chumvi ya potasiamu kloridi). Kukiunga na pampu ya kumwaga asidi yenyewe ni kuweka maisha ya samaki kwenye kifaa kinachodanganya polepole. pH ya akwaponiki husogea kwa siku, si kwa dakika. Matone ya kupimia mara moja au mbili kwa wiki yanatosha.

Na pwani kuna sababu ya pili. Kokoto nyingi huku ni za matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti. Zinayeyuka taratibu na kushikilia pH kwenye 8 au zaidi. Ukimwaga asidi leo, kesho imerudi. Kwenye nyuzi 25, amonia ikiwa pH 7, ni asilimia 0.57 tu iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 ni asilimia 5.4, karibu mara kumi. Mwagia siki kokoto chache kabla ya kununua lori: zikitoa povu, tafuta za granaiti.

Kihisi cha oksijeni nacho ni ghali, kiwambo chake hubadilishwa, na kinakuambia kilichokwisha kutokea. Fedha hiyo inunue pampu ya pili ya hewa na betri.

Joto la maji limewekwa, na kazi yake ni chakula. Katika nyanda za juu kama Iringa au Njombe maji yakishuka chini ya nyuzi 20 sato hula kidogo sana, na chakula kinachobaki kinageuka amonia. Salamu ya asubuhi ikisema 18, punguza kipimo cha siku.

Sanduku la kibodi ni la IP65 (lisilopitisha vumbi wala maji ya kurushwa), waya zinaingia kwa chini kupitia glandi, na kila waya unaning'inia kwanza chini ya kimo cha tundu kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke nje. Hewa ya chumvi hula miguu ya chipu: paka kibodi rangi ya kucha isiyo na rangi, ukiruka viunganishi na kihisi. Sisimizi hupenda joto la LM2596. Tundu lolote lililobaki lizibwe kwa silikoni.

Kujaribu kabla ya kuamini

Majaribio yafanyike mchana, samaki wakiwa ndani, mtu akiwa amesimama pale. Zima swichi kuu: hewa isikatike hata kwa pumzi moja, meseji ifike ndani ya dakika mbili, vitanda vijimwage vyenyewe taratibu hadi chini. Washa tena huku router imechomolewa: pampu ianze papo hapo. Chomoa ESP32 kwenye soketi yake: pampu isibadilike sauti. Vuta fyuzi ya saplai ya 12V huku umeme wa nyumba upo: hewa ihamie kwenye betri. Shusha boya kwa mkono: pampu isimame. Ondoa kengele ya sifoni, maji yapite juu ya bomba la wima tu: vitanda vikishajaa, baada ya dakika 40 hivi ije meseji ya sifoni, si ya pampu.

La mwisho huchukua usiku mzima. Zima umeme saa 12 jioni baada ya samaki kula, acha hewa ya betri peke yake, na pima volti ya betri kila saa hadi saa 10 usiku. Ikiwa imeshuka chini ya 12.0V kabla ya hapo, betri imezeeka au pampu za hewa zinakula zaidi ya zilivyoandikwa, na hesabu ya saa 10 ianzwe upya kwa mkondo uliopimwa kwa multimita.